Vita vya Iraq 2003: wabunge wa Uingereza walipiga kura

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu kila mwaka: eti serikali ya Uingereza ya chama cha Labour, chini ya waziri mkuu Tony Blair, iliingia vitani Iraq bila wabunge kuulizwa. Si kweli. Usiku wa 18 Machi 2003 wabunge waliidhinisha vita hivyo, 412 kwa 149.

Kuhakiki ni bure. Fungua mtandaoni kumbukumbu rasmi za bunge la Uingereza (Hansard), chagua baraza la chini (House of Commons) na tarehe hiyo, kisha shuka hadi mwisho wa mjadala. Utakuta kura mbili, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Ya kwanza ilihusu marekebisho yaliyosema hoja ya vita haijathibitishwa. “Ndiyo” 217 hapo ni wapinzani wa vita, “Hapana” 396. Ya pili, ile ya 412 kwa 149, ndiyo iliyoamua.

Mkanganyiko unaeleweka: azimio jipya la Umoja wa Mataifa la kuruhusu vita halikupatikana, na kisheria waziri mkuu hakulazimika kuomba kura hiyo. Kama vita vilikuwa halali ni mjadala mwingine, tena mzito.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mtumie aliyeuleta tarehe na hesabu hizi.