Lebo ya Chama Si Cheti cha Kuzaliwa cha Kofia

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya pama ya felti ya kiume, ya rangi ya kahawia, iliyotoka katika belo la mitumba, pamoja na maelezo ya mtu mwenye uhakika kwamba ni ya mwaka 1955, kwa kuwa ndani yake mna lebo ya chama cha wafanyakazi na jedwali la mtandaoni limesema hivyo. Jedwali lenyewe nalifahamu. Linahusu lebo za ILGWU, chama cha washonaji wa nguo za kike cha Marekani, na kwa gauni linafaa sana. Kulitumia kwa pama ya kiume ni kukadiria umri wa kuku kwa kuhesabu pete za pembe za ng'ombe.

Watengeneza kofia walikuwa na chama chao. United Hatters of North America kiliundwa mwaka 1896, kikaungana mwaka 1934 na chama cha washonaji wa kepi na kofia za kike, na jina likawa United Hatters, Cap and Millinery Workers International Union, hadi kilipomezwa na ACTWU, chama cha wafanyakazi wa nguo na vitambaa, mwaka 1983. Someni jina lililo kwenye lebo kabla ya kuniandikia.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi. Hata aliyesoma jina sawasawa huniambia, "Basi ni ya 1934." La hasha. Jina hilo linasema tu kwamba lebo haikuchapwa kabla ya muungano. Baada ya hapo kuna karibu nusu karne, na humo ndani lebo peke yake haitamfikisha mtu mbali. Atafute vingine: lebo ya tai wa buluu wa NRA, mpango wa serikali ya Marekani wa kufufua uchumi uliodumu tangu 1933 hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoubatilisha Mei 1935; herufi R ndani ya duara, iliyotokana na sheria ya alama za biashara ya mwaka 1946; au anwani ya duka iliyopigwa chapa kwenye ukanda wa ngozi unaozunguka ndani ya kofia, kwa maana msimbo wa posta wa Marekani wa tarakimu tano ulianza 1963. Alama moja kati ya hizo ina thamani kuliko kuikodolea macho lebo kwa saa nzima.

Kukosekana kwa lebo nako kunasomwa vibaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 chama kilikuwa kikitangaza waziwazi kwamba Stetson, kampuni ya kofia ya Philadelphia, haikuwa kampuni ya chama, kwa hiyo Stetson ya zama hizo isiyo na lebo haijapungukiwa na kitu. Matangazo hayohayo yaliwaonya wanunuzi kwamba lebo halali ina vitobo kingo zote nne kama stempu, ilhali za kughushi zilikuwa navyo pande tatu au mbili tu, na kwamba muuza duka aliye na lebo zisizoshonwa asinunuliwe kitu. Naam, walighushi hata wakati ule.

Nami sijasalimika. Niliwahi kumhakikishia mteja kwamba kofia yake ilitengenezwa baada ya 1934, kisha nilipougeuza ukanda ili niutie mafuta nikakuta safu mbili za matundu ya sindano kwenye felti, moja ina uzi na nyingine tupu. Ukanda ulikuwa umebadilishwa, na lebo ilikuja na ukanda. Kofia yenyewe huenda ilikuwa kongwe zaidi. Ukanda ndio unaoonja jasho, hivyo ndio unaooza kwanza, na tangu siku hiyo sitaji mwaka kabla ya kuugeuza. Hata nikiugeuza, fundi hodari aliyepitisha sindano katika matundu yaleyale bado anaweza kunipiga chenga.

Msidhani ni ubishi wa wakusanyaji tu. Viwanda vya felti vya Marekani vilitumia zebaki kusindika manyoya hadi Desemba 1941, na kofia ya kabla ya hapo sikubali ipigwe brashi chumbani wala ivaliwe na mtoto. Mwenye pama ya kahawia nimemwomba ageuze ukanda, apige picha ya mshono kwa karibu, kisha anawe mikono.