Zamu katika Kingdom of Loathing: tumbo, ini na hesabu ya siku

Katika mchezo huu wa mtandaoni, zamu ni ruhusa ya kufanya jambo moja. Ukiingia msituni ukakutana na mnyama, zamu moja imekwenda. Ukipumzika kambini ili afya irudi, nyingine imekwenda. Zikiisha, siku yako imekwisha, hata kama adui amebakiza pumzi mbili.

Kingdom of Loathing ni mchezo wa kuigiza mhusika, wa kichawi na wa kuchekesha, ulioanza Februari 2003 chini ya Zack Johnson na kampuni yake ya Asymmetric Publications huko Arizona, Marekani. Unachezwa ndani ya kivinjari, ni maandishi na picha ndogo tu, kwa hiyo hata bando dogo linatosha. Watu wake ni vijiti vyenye kichwa cha duara, kama mtoto anavyochora kwa mkaa ukutani. Fedha yao ni nyama. Unamuua adui, unaokota nyama, unakwenda kununua kofia kwa nyama. Lengo ni kumshinda Naughty Sorceress, mchawi aliyemfungia Mfalme Ralph XI.

Anayetoka kwenye michezo mingine huchanganya zamu na raundi. Pigano moja hula zamu moja, iwe umemaliza kwa pigo la kwanza au mmevutana raundi nyingi. Kukimbia nako kunalipiwa zamu ileile, jambo linalowauma wageni wengi: wanaona adui mkubwa, wanatoroka, wanarudi palepale, wanatoroka tena, na mwisho wa siku wametumia zamu kumi bila kupata hata kipande cha nyama. Heri uondoke eneo hilo kabisa, uongeze nguvu kwingine, kisha urudi. Kushindwa ni hasara mara mbili, maana zamu imekwenda na unabaki umepigwa hoi, sifa zako zimedhoofika kwa zamu kadhaa zinazofuata.

Kila siku mchezo unakupa zamu 40. Hizo hazitoshi, na hapa ndipo utani wenyewe unapoanzia. Zamu nyingine unazipata kwa kula na kunywa. Tumbo lina nafasi 15. Ini linabeba ulevi hadi 14. Kuna na wengu, nafasi 15, kwa vitu vya ajabu ajabu visivyo chakula wala kinywaji. Kila chakula kina ukubwa wake na ubora wake: kibovu hutoa kama zamu moja kwa kila nafasi kinayochukua, cha kawaida mbili, kizuri tatu, kitamu sana nne, na cha daraja la juu kabisa tano au zaidi. Vinywaji hufuata mpango huohuo.

Piga hesabu. Milo mitatu mizuri yenye ukubwa wa 5 kila mmoja inajaza tumbo na kukupa kama zamu 45. Vinywaji vizuri vya kufikisha ini 14 vinakupa kama 42. Ongeza zile 40 za siku, una 127. Mwenzako aliyejaza tumbo kwa vyakula vibovu na ini kwa pombe mbovu ana 69 hivi. Tofauti yenu haitokani na upanga, ni jikoni tu. Ndiyo maana kosa la kwanza la mgeni ni kula chochote anachookota njiani: tumbo likijaa uchafu, halitoki kitu mpaka kesho.

Jambo la kukumbuka kuliko yote: tumbo hukataa, ini halikatai. Chakula kisichoenea nafasi iliyobaki hakiliki. Kinywaji hata cha kuvuka kiwango utaruhusiwa kukinywa, ila ukipita 14 umelewa chakari na matembezi yamefungwa siku hiyo, hata kama una zamu 80 mkononi. Mgeni akifanya hivyo asubuhi, siku nzima atabaki kuzunguka madukani.

Wazoefu wameugeuza mtego huo kuwa faida. Wanakunywa mpaka 14 kamili, wanatumia zamu zao zote, na mwisho kabisa wanakunywa chupa moja kubwa ya kulalia. Inawalewesha, lakini hawana cha kufanya tena, na zamu zake zinaingia kesho wakati ini limekwisha safishwa. Utaratibu ukiugeuza, umeharibu. Angalia pia kuwa mchezo haukuongezi juu ya zamu 200 siku inapofungwa. Aliyelimbikiza sana hupoteza.

Kuna wimbo unaitwa Ode to Booze, ujuzi wa Accordion Thief, yaani mwizi mpiga kodiani, mmoja wa aina za wahusika unaoweza kuwachagua. Ukiimbiwa kabla ya kunywa, kila kiasi kimoja cha ulevi kinaongeza zamu moja, yaani ini zima linakupa 14 za ziada. Lakini muda wa wimbo, unaohesabiwa kwa zamu, hupungua kwa ukubwa wa kila kinywaji, hivyo chupa ya ukubwa wa 5 inataka wimbo uliobakiza zamu 5. Wengi huimbiwa kidogo, wakashangaa chupa ya mwisho haikuleta ziada yote.

Majina ya mchezo yanataka Kiingereza kidogo ndipo ucheke: Pastamancer ni mchawi anayetumia tambi, Sauceror ni mchawi wa mchuzi. Utani wa ini hautaki kamusi. Ukitaka kuingia kwenye gumzo, jiandae: lazima kwanza ufaulu mtihani wa tahajia ya Kiingereza.

Siku hufungwa saa 12:30 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam na Nairobi, maana ni saa 2:30 usiku Arizona. Vazi linaloongeza zamu za kesho linahesabiwa ulilovaa wakati huo, si mchana. Kwa hiyo livae kabla ya kulala, la sivyo halitakuongezea kitu.

Mfalme akishakombolewa, unaweza kuanza upya kutoka ngazi ya kwanza na kubeba baadhi ya ujuzi wako, na hapo zamu hugeuka mashindano: nani amemaliza kwa chache zaidi. Asiyetaka pombe hata ya kuigiza huchagua njia ya Teetotaler, akabaki na tumbo na wengu. Wakaidi huchagua Oxygenarian, wasile wala wasinywe, wakihangaika na zile 40 na chochote wengu litakachotoa.