Je, wajua kwa nini nguo za wanawake wa Athene ziliorodheshwa kwenye mawe?

Mwanamke mmoja aitwaye Mneso alimtolea mungu wa kike Artemi nguo ya rangi ya chura. Habari hii tunaipata kwenye jiwe la marumaru lililochongwa Athene katikati ya karne ya 4 KK. Jirani zake kwenye orodha hiyo ni Kallippe, aliyetoa kanzu fupi yenye herufi zilizofumwa ndani ya kitambaa, na Glykera mke wa Xanthippos, ambaye kanzu yake ilikuwa na ukingo wa zambarau uliokwisha kuchuja. Nguo moja imeelezwa kuwa na maandishi yasemayo ni mali takatifu ya Artemi.

Ajabu ni kwamba mji huu haukupenda kutaja wanawake. Katika hotuba ya mazishi ya askari waliokufa vitani mwaka 431 KK, kama alivyoiandika mwanahistoria Thukidide, kiongozi wa Athene Perikle aliwaambia wajane kuwa sifa yao kubwa ni kutosemwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya. Mahakamani nako, mwanamke wa heshima aliye hai aliitwa mke wa fulani au binti wa fulani, basi. Sasa Mneso kaingiaje kwenye marumaru?

Kaingia kwa mlango wa uzazi. Hekalu la Artemi lilikuwa Brauron, pwani ya mashariki ya Attika, eneo lililouzunguka mji wa Athene, na wasichana wadogo walipelekwa huko kabla ya umri wa kuolewa ili “wawe dubu”: walicheza na kukimbia kwa heshima ya mungu huyo, wakiwa na vazi la rangi ya zafarani. Ilisimuliwa kwamba dubu wake aliuawa zamani, naye akadai fidia hiyo. Wakishakuwa wake za watu walimrudia wakati wa mimba. Artemi mwenyewe hakuzaa kamwe, lakini ndiye aliyeitwa kwenye uchungu, na mishale yake ndiyo iliyodhaniwa kuwaua ghafla wanawake. Aliyejifungua salama alitimiza nadhiri yake, na mara nyingi kwa nguo. Kufuma ilikuwa kazi ya mwanamke, kwa hiyo nguo ndiyo mali aliyoweza kuitoa kwa mikono yake mwenyewe.

Nadhiri peke yake, hata hivyo, isingeliwaandikisha. Kilichowaandikisha ni hesabu. Kitu kikishatolewa kilikuwa mali ya mungu, hakiuzwi wala hakitupwi, na wasimamizi wa mali hiyo walipaswa kuonyesha kilichopo. Nguo zikaorodheshwa moja moja: hii imo kwenye sanduku, hii imevishwa sanamu. Neno “tambara” linajirudia mara nyingi, maana hata nguo iliyochakaa ilihesabiwa. Na ili kuitofautisha kanzu na kanzu, njia rahisi ilikuwa kuandika mwenyewe alikuwa nani. Kwa maoni yangu hakuna aliyekusudia kuwatukuza wanawake hawa. Karani alitaka tu vitu vyake visichanganyike.

Nguo zenyewe zimeoza zote. Vipande vingi vya orodha vilivyochapishwa vimetoka kwenye kilima cha Akropoli mjini Athene, ambako Artemi wa Brauron alikuwa na eneo lake pia. Brauron kwenyewe kulifukiwa na tope la mto Erasinos hadi mwanaakiolojia Ioannis Papadimitriou alipoanza kuchimba mwaka 1948.

Kuna aina moja ya nguo inayowasumbua wasomaji wa orodha hizi: zile zilizoandikwa kuwa zimefumwa nusu. Katika tamthilia ya mshairi Euripide juu ya Ifigenia, binti wa mfalme Agamemnoni katika hekaya za Wagiriki, mungu wa kike Athena anatabiri kwamba Ifigenia atazikwa Brauron na kupewa mavazi mazuri yaliyoachwa na wanawake waliokufa kwa uzazi. Baadhi ya wanazuoni huziunganisha habari hizi mbili: mfumaji alifariki kitambaa kikiwa bado mtamboni, na ndugu zake wakakipeleka kilivyo. Wengine wanakataa. Orodha haitoi sababu. Inataja nguo, na kwamba haikumalizwa.