Kutuma si kazi, kazi ni kupokea

Kila ninapomweleza mtu kwamba natuma data kwa taa, swali la kwanza huwa lilelile: taa inawezaje kuwaka na kuzimika haraka kiasi hicho bila sisi kuona? Swali ni zuri, lakini linaangalia upande mwepesi. Taa ya LED haina waya wa kupata moto kama balbu za zamani. Ukikata mkondo, mwanga nao unakatika karibu papo hapo. Jicho kwa upande wake ni zito. Mwanga ukipepesa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, jicho linaona mwanga mmoja uliotulia, na sisi tunapepesa mara milioni kadhaa. Hapo hakuna tabu. Tabu iko upande wa pili wa chumba, kwenye kipande kidogo cha silikoni kinachopokea.

Hebu tuanze na jambo ambalo yeyote mwenye oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, anaweza kujionea. Chukua LED nyeupe ya kawaida, iwashe na kuizima kwa mawimbi ya mraba ya megahezi 5, yaani mara milioni tano kwa sekunde, kisha elekeza kwake fotodiodi, kile kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa mkondo. Ulichotuma kina kona kali. Kinachotokea kwenye skrini ni vilima vya mviringo. Fotodiodi haina kosa. LED nyeupe kwa kweli ni ya bluu: ndani mna chipu inayotoa mwanga wa nanomita 450 hivi, na juu yake umepakwa unga unaomeza sehemu ya ile bluu na kutoa manjano. Macho yetu huchanganya rangi hizo mbili yakaona weupe. Chipu ina wepesi, unga hauna. Chipu ikishazimika, unga bado unang'aa kwa kitambo kidogo mno, ila kwa data kitambo hicho ni kirefu. Ndiyo maana mwanga mweupe mzima hukomea kwenye megahezi 2 au 3.

Sasa weka kichujio cha bluu mbele ya fotodiodi. Dakika hii huwa naipenda kuliko zote. Manjano yanazuiwa, bluu inapita, na zile kona zinarudi pale pale mbele ya macho yako. Kwa kipande cha kioo chenye rangi umefika karibu megahezi 20. Lakini tazama na kimo cha wimbi: limenywea. Umetupa sehemu kubwa ya mwanga, na silikoni yenyewe huihisi bluu kwa udhaifu kuliko nyekundu. Kasi umeinunua kwa mwanga, na mwanga ndio mtaji wetu wote.

Mtaji huo huisha upesi. Ukiwa mbali na taa mara mbili zaidi, mwanga unaokufikia hubaki robo. Hilo wengi wanalijua. Kisha fotodiodi hugeuza nguvu ya mwanga kuwa mkondo, na nguvu ya umeme hufuata mraba wa mkondo. Kwa hiyo nguvu ya ishara inayoingia kwenye saketi hubaki moja ya kumi na sita. Aliyezoea redio, ambako umbali ukizidi mara mbili ishara hubaki robo, hukadiria vibaya hapa, na makadirio yake yote ya umbali hupotoka.

Utasema, basi tuweke fotodiodi kubwa. Nami nilidhani hivyo nilipoanza. Fotodiodi pana hukinga mwanga mwingi, lakini huhifadhi chaji nyingi pia, na mfano wake ni pipa: kadiri lilivyo kubwa ndivyo linavyochelewa kujaa na kuchelewa kuisha. Lenzi nayo hukusanya mwanga vizuri, ila hubana upeo. Sogea hatua moja pembeni na taa haionekani tena. Kwa taa za darini mimi huchagua fotodiodi ndogo kadhaa zinazotazama pande tofauti, kisha saketi ifuate ile inayoona vizuri zaidi. Ni kazi zaidi kuunda, lakini mtu anaweza kugeuka na kifaa chake bila kupoteza mawasiliano.

Kuna wakati ishara yangu ilikuwa inapanda na kushuka kama iko juu ya mawimbi ya bahari. Siku mbili nilikagua programu yangu mstari kwa mstari. Mwishowe nikazima taa za darini ambazo hazikuhusika na jaribio, na ishara ikatulia. Umeme wa hezi 50 hufanya taa nyingi zipepese mara 100 kwa sekunde, na fotodiodi haichagui cha kuona. Dawa yake ni kuchuja masafa ya chini, na hapo usimbaji wa Manchester, namna mojawapo ya kugeuza biti kuwa mwanga, unasaidia sana: kila biti huwa nusu mwanga na nusu giza, kwa hiyo ukikata masafa ya chini hakuna data inayopotea. Mwangaza wa taa nao haubadiliki, hata ukituma sifuri elfu moja mfululizo. Jua ni jambo gumu zaidi. Halipepesi, lakini hujaza fotodiodi kwa mkondo wa kudumu na kelele yake hupanda nao, na likipiga moja kwa moja linaweza kukishinda kabisa kikuzaji, yaani saketi inayoikuza ishara.

Alexander Graham Bell alilitegemea jua hilohilo. Mwaka 1880, kule Washington, yeye na msaidizi wake Charles Sumner Tainter walipeleka sauti umbali wa mita 213 kwa mwanga wa jua uliopiga kioo chembamba kinachotikiswa na sauti ya msemaji. Upande wa kupokea aliweka seleniamu, ambayo ukinzani wake wa umeme hubadilika ikipigwa na mwanga. Nikisoma habari zake huwa nakaa zaidi kwenye hiyo seleniamu kuliko kwenye kioo.

Linabaki suala la kurudisha data juu, kutoka kwenye simu hadi kwenye taa. Simu haiwezi kummulika mwenye nayo machoni kila anapotuma ujumbe. Kiwango cha kiufundi cha mawasiliano kwa mwanga, IEEE 802.11bb, kilichotoka mwaka 2023 kinatumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya kati ya nanomita 800 na 1000, na ninaona ni uamuzi sahihi: macho hayasumbuki, unga wa manjano haupo, na silikoni huhisi masafa hayo kwa nguvu. Kwenye mfumo wangu njia ya kwenda juu nimeshaihamishia huko. Njia ya kushuka bado naiacha kwenye mwanga unaoonekana, kwa kuwa taa ya darini inawaka hata hivyo, na mwanga wake hautoki nje ya kuta. Chumba cha pili kinaweza kutumia rangi ileile bila kuingiliana na hiki, jambo ambalo redio haikupi.