Keki za oti zenye asali nazo zina sukari
Msimu wa zabibu ukifika hapa Dodoma, wengi huoka keki ndogo za oti na zabibu kavu za kula wiki nzima, wakiamini kwamba zikitiwa asali badala ya sukari nyeupe huwa hazina sukari kabisa. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa asali haitoki kiwandani. Hata hivyo, takribani asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, na kijiko kikubwa kimoja, chenye gramu 21 hivi, hubeba gramu 17. Zabibu nazo zikikaushwa hupoteza maji, sukari ikabaki. Faida iliyo wazi zaidi imo kwenye nyuzinyuzi za oti. Msomaji anaweza kuhakiki kwa kusoma kiasi cha sukari kilichoandikwa kwenye kifungashio, kisha apime asali kwa mizani, maana mkono (hata wangu) humimina kupita kijiko.