"Gurnah Anaonyesha Utumwa" Si Hoja

Dhana inayotamba zaidi kwa wanafunzi wa fasihi hapa Tabora ni kwamba ukishasimulia kitabu vizuri na kumalizia na "mwandishi amefaulu", insha ya hoja imekamilika. Haijaanza hata. Hoja ni kauli ambayo msomaji mwenye akili zake anaweza kuikataa. Chukua riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise (1994), ambayo tunayo pia kwa Kiswahili, Peponi. Ukiandika "Gurnah anaonyesha utumwa", nani atakubishia? Andika badala yake, kuhusu Yusuf, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu: "Mwishoni, Yusuf anapowakimbilia askari wa Wajerumani, hajikomboi, anabadilisha bwana." Hapo umechokoza watu.

Sasa thibitisha. Yusuf yuko kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Khalil aliwekwa dukani kwa mtindo huohuo, na deni lake lilifutika Amina, dada yake wa kulelewa, alipoolewa na Aziz. Khalil ruhusa ya kuondoka anayo, lakini bado yupo. Ushahidi mzuri huo: deni limekwisha, ubwana haujakwisha.

Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba kutaja kinachowapinga ni kujichongea. Mimi insha isiyo na upinzani huiona mbichi. Katika riwaya hiyohiyo yupo Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliyepewa uhuru akaukataa, kwa kuwa haoni kama uhuru ni kitu cha mtu kumpa mwenzake. Kumbe aliyebaki anaweza kuwa huru? Swali hilo linaitikisa hoja yako, na lazima ulijibu. Ningejibu kwamba Hamdani amebaki kwa imani yake, ilhali Yusuf anawafuata watu ambao muda mfupi kabla alijifungia ndani kuwakwepa, wakikamata wanaume kwa nguvu. Wewe unaweza kujibu vingine.

Halafu kuna ugonjwa wa nukuu. Kurasa zilizojaa "kwa mujibu wa fulani" ni madesa tu, si utafiti. Wachambuzi kadhaa wameisoma Paradise sambamba na Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad kuhusu safari ya Mzungu ndani ya Kongo. Usiwanukuu mpaka ujue ulinganisho huo unaisaidia au unaibomoa hoja yako.

Na ipo dhana ya kwetu wenyewe: misafara ya biashara ya Ujiji ilipita hapa, kwa hiyo historia tunaijua. Sawa, ilipita, ila simulizi za kijiweni hazithibitishi Gurnah ameipangaje riwaya yake. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye baba yake aliishi hapahapa Tabora, aliacha maisha yake kwa maandishi ya Kiswahili. Hicho ni chanzo cha kuweka mezani, tena ukihoji anajisifu wapi.

Kisingizio cha maktaba ndogo nacho kimepungua nguvu. Akaunti ya bure ya JSTOR, hifadhi ya makala za kitaaluma mtandaoni, inakufungulia makala za kusoma hata kwa simu. Wikipedia iwe mwanzo wa safari, isiingie kwenye marejeleo. Na namba ya ukurasa iandike palepale unaponakili nukuu, si usiku wa kuamkia siku ya kukusanya asaimenti.