Ncha haifi kwa kazi, inakufa kwa msasa

Mwezi uliopita kijana anayejifunza kazi hapa kibandani kwangu, Mikindani, Mtwara, alinijia na pasi ya kulehemia mkononi. "Mjomba, hii nayo imekufa. Haishiki risasi kabisa." Risasi ni ule waya wa bati na madini ya risasi tunaouyeyusha kuunganishia nyaya. Pasi yenyewe nilikuwa nimeinunua wiki tatu tu nyuma. Nikaitazama ncha: ubavuni imetoboka kama jino bovu, na ndani ya tundu shaba nyekundu inameremeta. Sikuwa na haja ya kumuuliza alichofanya. Kipande cha msasa kilikuwa bado mezani.

Simlaumu sana. Pasi za zamani zilikuwa na ncha ya shaba tupu, na wazee waliotufundisha walizipiga tupa kila zilipochakaa, wala hawakukosea. Ncha za siku hizi ni kitu kingine. Ndani bado ni shaba, maana shaba inapitisha joto upesi. Tatizo ni kwamba bati iliyomo kwenye risasi, ikishayeyuka, inaila shaba kidogo kidogo mpaka inaimaliza. Kwa hiyo kiwandani shaba inavikwa koti jembamba la chuma, na nyuma ya pale pa kufanyia kazi inapakwa krome ili risasi isipande juu. Pitisha msasa mara chache, koti limetoka. Kuanzia hapo hakuna dawa, ni kununua ncha nyingine.

Sasa, kwa nini inakuwa nyeusi hata mtu akafikiria msasa? Chuma cha moto kikikaa wazi hewani kinaota utando wa kutu nyeusi, na risasi haishiki juu ya kutu, inajiviringa kama maji juu ya jani la mgomba. Kinachoilinda ncha ni risasi yenyewe. Mimi ncha mpya naivalisha siku ileile ya kwanza: nachomeka pasi huku waya wa risasi umegusa ncha, ili ikipata joto tu risasi iyeyuke na kuifunika kabla haijaanza kuwa nyeusi. Na jioni, kabla sijazima, napaka risasi nyingi mpaka inafanya tone, nazima, naiacha ipoe hivyohivyo. Wengi wanafanya kinyume: wanaifuta ing'ae, ndipo wanazima. Hapa kwetu, na hewa hii ya chumvi kutoka ghubani, ukiiacha ncha uchi usiku kucha, asubuhi unaijua habari yake.

Ikishakuwa nyeusi, punguza joto, ichovye kwenye fluksi (dawa inayoondoa kutu ili risasi ishike), ipake risasi mpya, ifute kwenye nyuzi za shaba ya njano, kisha urudie. Mara ya tano au ya sita utaona madoa meupe yanaanza kuungana. Ni kazi ya subira. Ila fluksi iwe ya elektroniki, ile ya utomvu wa msonobari. Ile ya tindikali wanayotumia mafundi bati inatafuna ncha na bodi pia, kile kibao chenye saketi. Sponji nayo iwe ile maalumu inayovimba ikilowa. Kipande cha godoro kitayeyuka na kugandia kwenye ncha. Ilowe kiasi tu, isichuruzike, na maji yasiwe ya kisima chenye chumvi.

Joto ndilo linalowaponza wengi. Risasi ya 60/40, yaani bati asilimia 60 na madini ya risasi 40, inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na ikifika 190 hivi imeyeyuka yote. Ile isiyo na madini ya risasi, ambayo imeenea tangu Ulaya ilipozuia madini hayo kwenye vifaa vingi vya umeme Julai 2006, inataka 217 hadi 227. Ncha ya nyuzi 320 hadi 350 inatosha kwa ya kwanza, ongeza kidogo kwa ya pili. Ukipita 400, unaichoma ncha na unabandua njia za shaba kwenye bodi. Joto halipiti haraka? Badilisha ncha, weka pana. Usikandamize.

Na si kila kiungo kinachokataa ni kosa la pasi. Redio na taa za sola zinazotoka mashambani, Newala, Tandahimba, mara nyingi zimelala stoo moja na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Salfa inaifanya shaba kuwa nyeusi. Unaleta pasi, risasi inateleza, unaongeza joto, inateleza tena. Hapo ndipo pa kutumia msasa, kwenye miguu ya waya, siyo kwenye ncha.

Upande wa usalama, watu wanaogopa moshi wakidhani ni mvuke wa madini ya risasi. Kwa joto hili risasi haigeuki mvuke wa kutisha. Moshi ule ni wa fluksi, nao kwa miaka unaweza kukuletea pumu. Meza yangu naigeuza kufuata kusi na kaskazi, upepo upite ubavuni na kuondoka na moshi. Sumu ya risasi yenyewe inaingia kwa vidole. Unashika waya, unachukua kipande cha muhogo wa kukaanga, umeshaila. Kwangu hakuna kula mezani, na mikono inaoshwa kwa sabuni.

Pasi ikidondoka, iache idondoke, ruka nyuma. Nina kovu kwenye kiganja kwa kutaka kuidaka. Ukiungua, weka maji baridi yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno na mafuta yaache. Na usilehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu, inaweza kulipuka. Tafuta yenye vibati vyake vya kulehemia tayari. Pasi yenye waya mbili tu, isiyo na ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), ncha yake inaweza kuvuja umeme ukaua saketi kabla hujaimaliza kuitengeneza.

Kubwa kuliko yote kwangu ni umeme kukatika. Unakatika alasiri, unafunga kibanda, unakwenda zako, pasi bado imechomekwa. Umeme unarudi saa nne usiku, pasi inapata moto, nayo imelala juu ya karatasi. Jirani yetu mmoja meza yake iliungua hivyo. Tangu hapo pasi yangu inakula kwenye swichi moja na balbu nyekundu iliyo juu ya mlango. Giza likiingia ghafla, kijana anajua kazi yake ya kwanza: anachomoa, ndipo anatafuta tochi.